Amonia kwenye tangi: anzia kiwandani, si kwenye bomba la moshi

Wewe unayeanza kusomea nishati za magari, la kwanza utakaloambiwa kuhusu amonia ni kwamba haina kaboni hata chembe, hivyo ikiungua haitoi hewa ukaa. Ni kweli. Nami niliishikilia kweli hiyo nikaandika ripoti nzima iliyoanzia kwenye bomba la moshi na kuishia hapo hapo. Msimamizi wangu aliirudisha na swali moja la kalamu nyekundu: "Haidrojeni umeitoa wapi?"

Swali hilo liulize kila siku. Amonia nyingi duniani bado hutengenezwa kwa njia ya Haber na Bosch, inayounganisha nitrojeni ya hewani na haidrojeni, iliyoingia kiwandani huko Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, na haidrojeni yake hutoka hasa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. Tani 1 ya amonia ya gesi asilia huacha nyuma takriban tani 2 za hewa ukaa. Sasa shika kalamu. Kilo 1 ya amonia ina nishati ya megajuli 18.6; ya dizeli ina kama 43. Kwa hiyo kilo ile inashika nafasi ya gramu 430 hivi za dizeli, ambazo zingetoa kilo 1.4 za hewa ukaa. Umeokoa kilo 1.4 barabarani, umemwaga 2 kiwandani.

Haidrojeni ikipatikana kwa kupasua maji kwa umeme wa jua au upepo, hesabu hugeuka. Hata hivyo, tani 1 ya amonia hudai megawati-saa 10 hivi za umeme, ndani yake hubaki 5 na kitu, na injini yenye ufanisi wa asilimia 40 hukupa 2 tu. Umeme uleule ukipitia betri, zaidi ya nusu hufika kwenye magurudumu. Ndiyo maana kwa magari madogo siiungi mkono. Meli za safari ndefu ni mjadala mwingine.

Kinachonisumbua zaidi ni nitrasi oksidi, gesi inayoweza kutoka amonia inapoungua, na hapa nakusihi uwe mkali. Wengi hupima oksidi nyingine za nitrojeni, zile zinazochafua hewa ya mjini, na hii wakaiacha. Kilo yake 1 hupasha dunia joto sawa na kilo 273 za hewa ukaa katika miaka 100. Rudi kwenye ile kilo 1.4 uliyookoa: gramu 5 tu za gesi hii kwa kila kilo ya amonia iliyochomwa zinaifuta yote, hata kama amonia yako imetoka kwenye upepo mtupu. Gramu 5 ni kijiko cha chai cha sukari.

Kwa hiyo ukiletewa jedwali la vipimo vya injini ya amonia, tafuta kwanza safu ya nitrasi oksidi, kisha angalia kama walipima injini ikiwa bado baridi na ikiwa na mzigo mdogo, maana hapo ndipo huwa inatoka kwa wingi. Safu hiyo isipokuwepo, rudisha jedwali wakapime upya.