Usinunue hilo boksi la "vipande 299" kwa ajili ya nyumba ya wazee

Mleta uzi, usilipe. Kama umeshalipa, rudisha. Umesema unafungua nyumba ya wazee sita huko Sacramento, California, mshauri wa leseni amekutumia linki ya sanduku la huduma ya kwanza la vipande 299 lenye maneno ya OSHA (wakala wa Marekani wa usalama kazini) juu ya kifuniko, amekuapia kwamba linapita ukaguzi wowote, na wewe unachouliza ni litundikwe jikoni au koridoni. Tutafika koridoni. Kwanza tuongee kilichomo ndani, maana hapo ndipo watu wanapoliwa. Na ndiyo, naandika kwa hasira ya mtu aliyewahi kulipia sanduku la aina hiyo kwa ushauri wa aina hiyo, kwa hiyo mnivumilie.

Rudi kwenye ile linki, shuka mpaka orodha ya vilivyomo. Utakuta pakiti ndogondogo za aspirini, ibuprofeni, asetaminofeni na vidonge vya kiungulia. Hizo wamewekewa mafundi ujenzi. Kichwa kinamgonga, anachana pakiti, anameza, anarudi kwenye zege. Kwako hakuna mafundi. Ndani ya nyumba yenye leseni ya RCFE, yaani leseni ya California ya makazi ya kutunzia wazee, kidonge chochote kinachotoka mkononi mwa mhudumu kwenda kwa mkaazi ni dawa, hata kama dukani kinauzwa jirani na pipi. Kinatakiwa kiwe na maelekezo ya daktari wa mkaazi huyo, kiwe na jina lake, kiandikwe, na kikae kwenye kabati la dawa linalofungwa ambalo wanaolifikia ni wahudumu wanaohusika tu.

Dawa za kutumia "inapohitajika" zina kamba nyingine juu ya hiyo. Kama mzee hawezi kujua mwenyewe kwamba anaihitaji, wala hawezi kueleza dalili zake vizuri, mhudumu anampigia daktari kabla ya kila dozi, anaandika tarehe, saa, alichoelekezwa, na jinsi mzee alivyoendelea baada ya kumeza. Kila dozi, mkuu. Sasa pakiti ya aspirini isiyo na jina la mtu, iliyolala kwenye boksi jekundu ukutani, inaingia wapi kwenye utaratibu huo?

Usidhani ni ugomvi wa makaratasi. Baadhi ya wazee utakaowapokea huenda wanatumia dawa za kuzuia damu kuganda, warfarini na ndugu zake. Mhudumu mpya yuko zamu ya usiku, bibi analia na goti, dawa zake za kawaida zimefungwa na mhudumu hataki kukuamsha, lakini boksi la ukutani liko wazi na limeandikwa "huduma ya kwanza". Anachana ibuprofeni mbili kwa moyo mweupe kabisa. Ibuprofeni juu ya warfarini inaweza kuvujisha damu tumboni, na figo za mtu wa miaka 85 nazo haziipendi. Asubuhi choo ni cheusi, gari la wagonjwa limefika, daktari anauliza amekula nini, na kumbukumbu iko tupu kwa sababu "ile haikuwa dawa, ilikuwa huduma ya kwanza".

Hata bila mtu kuumia, mkaguzi anakuja bila hodi, anafungua boksi, anakuta dawa nje ya kabati la dawa. Akiona hatari ni ya papo hapo anakuandikia kosa la Type A; isipokuwa ya papo hapo ni Type B. Usiporekebisha ndani ya tarehe aliyokupa, faini ni dola 100 kwa siku kwa kila kosa. Linalouma kuliko faini ni kwamba ripoti inawekwa mtandaoni, na mtoto anayemtafutia mama yake nyumba anaisoma kabla hajakupigia simu. Mshauri wako hatakuwepo siku hiyo. Atakuwa anamtumia mtu mwingine linki.

Kibaya zaidi, hata ukiondoa vidonge vyote, maneno ya kwenye kifuniko hayathibitishi kwamba boksi hilo linakidhi. Hapa ndipo washauri hawa wananichosha. Maneno ya OSHA na ANSI Z308.1 (kiwango cha Marekani cha masanduku ya huduma ya kwanza) yanahusu vifaa vya wafanyakazi kazini. Leseni yako iko chini ya kanuni za California, Title 22, kifungu 87465, na hicho kina orodha yake: kitabu cha huduma ya kwanza cha toleo la sasa, kilichoidhinishwa na Msalaba Mwekundu wa Marekani, chama cha madaktari cha AMA au idara ya afya ya serikali, vifuniko vya vidonda visivyo na vijidudu, bendeji, mkasi, kibano, na kipimajoto. Basi. Ukisoma orodha ya ANSI ya daraja A, lile la sanduku la kawaida, hukuti kibano wala kipimajoto, ila unakuta pakiti 10 za marhamu ya antibayotiki na 10 za dawa ya kuungua. Yaani baadhi ya vinavyotakiwa havimo, vinavyokuletea matatizo vimo. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe tupu.

Marhamu nayo ni dawa, wala usiniambie "ya kupaka tu". Nyingi zina neomaisini, na wapo wazee ambao ngozi inawavimba kwa hiyo. Toa.

Na hivyo "vipande 299" ni nini hasa? Kila plasta wameihesabu, kila kitambaa cha spiriti wamekihesabu. Plasta yenyewe kwenye mkono wa mzee ni balaa: ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, ukibandua inatoka nayo, kidonda kimoja kinakuwa viwili.

Nunua begi tupu, jaza mwenyewe. Kwa wazee sita mimi ningeweka vifuniko visivyoshika kidonda kama kumi vya inchi 3 kwa 4, viwili vikubwa vya inchi 5 kwa 9 vya kukandamizia damu, roli nne za gozi, tepu ya karatasi, mkasi wa ncha butu, kibano, kipimajoto cha kidijitali na betri ya akiba (hiyo betri ndiyo hufa kimyakimya), barakoa ya kupulizia pumzi, glavu za naitrili, na kitabu chenyewe. Nasema kitabu, si ile karatasi ya kukunja inayokuja ndani ya boksi. Bandika orodha ndani ya kifuniko, funga zipu kwa lakiri ya plastiki yenye namba. Lakiri ikikatika, unajua kuna aliyefungua, unakagua na kujazia. Isipokatika, bado angalia tarehe za vifaa mara moja kwa mwezi.

Koridoni au jikoni: kanuni inataka mahali pa katikati panapofikika haraka, lakini ukiwa na mzee mwenye dimenshia, mkasi na vitakasa mikono havitakiwi viwe mikononi mwake. Kwa hiyo kabati la kufunga karibu na jikoni, alama mlangoni, na ufunguo shingoni mwa aliye zamu. Ukiuacha kwenye gari lako, hakuna sanduku hapo nyumbani.

Ulimtaja pia dada atakayekusaidia usiku: kila saa lazima awepo ndani ya nyumba angalau mtu mmojawapo mwenye mafunzo ya CPR (kufufua moyo na pumzi) na huduma ya kwanza, kwa hiyo kama analala peke yake na wazee, cheti kiwe chake, si chako. Mkoba wake wenye Tylenol (hiyo ni asetaminofeni) nao ufungiwe, ni vidonge vilevile kwa mlango mwingine.

Wewe nitumie picha ya orodha ya vilivyomo kabla hujabonyeza "lipa".