Maswali ya Wasomaji: Timu za misheni za muda mfupi

Likizo ya katikati ya mwaka inapokaribia, tunapokea barua nyingi za makanisa yanayotuma vijana, kwaya na wauguzi kwenda kuhudumu nchi nyingine kwa wiki moja au mbili. Tumechagua tano. Wanaojibu ni waandishi wa safu hii ambao kazi yao ni kupanga safari hizi na kuzipokea.

Bwana Yesu asifiwe. Sisi ni vijana 14 wa kanisa moja hapa Mbeya. Mwezi wa saba tunakwenda Karonga, Malawi, kwa siku tisa kulijengea kanisa rafiki darasa la chekechea. Tuna basi dogo la kanisa na fedha za saruji. Tuanzie wapi, na je, siku tisa zinatosha? – Katibu wa vijana, Mbeya

Amina. Siku tisa hazitoshi kumaliza darasa. Zinatosha kupandisha kuta na kumwaga lenta (mkanda wa zege juu ya kuta), mradi msingi na matofali yawe tayari siku mnayofika. Timu nyingi hukwama hapa: wanafika, siku tatu zinaishia kuchimba msingi na kusubiri mchanga, kisha wanaondoka wakiacha kuta za kiunoni ambazo mwenyeji hana fedha za kuzimalizia.

Pigeni hesabu hivi. Darasa la mita 6 kwa 8 lina mzunguko wa mita 28. Mkipandisha mpaka mita 2.1 kwenda juu, mkatoa mlango mmoja na madirisha manne, mnabaki na kama mita za mraba 51. Matofali ya saruji ya inchi 6 huingia 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo ni 510. Ongezeni 30 ya kuvunjika. Mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa matofali kama 30, hivyo mnahitaji mifuko 18 kwa matofali peke yake. Fundi akiwaahidi 45 kwa mfuko, jueni anawauzia tofali linalomong'onyoka kwa kidole. Yakishafyatuliwa yamwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua 7, tena yakiwa kivulini, ndipo yaachwe yakomae. Maana yake vibarua wa Karonga wafyatue mwezi wa sita, na walipwe ujira wao. Fedha hizo zitumwe mapema, msizibebe ndani ya basi.

Mkifika, ajirini mafundi wawili wa hapohapo. Kila mmoja, akiwa na wasaidizi wazuri, hujenga matofali 100 au zaidi kwa siku, lakini msipandishe zaidi ya kozi (safu za matofali) tano kwa siku moja, kwani udongo wa saruji ulio mbichi hulemewa na ukuta ukapinda. Vijana wenu wachekeche mchanga, wachote maji, wachanganye udongo, wabebe matofali na kumwagilia ukuta. Asiyejua mwiko asiushike, maana fundi atalazimika kubomoa jioni mkiwa mmeenda kula. Wote wavae glovu za mpira na viatu vilivyofunika mguu, kwa sababu saruji mbichi huunguza ngozi polepole na mtu hushtuka usiku.

Kwenye lenta msibane matumizi hata kidogo. Karonga ilitikiswa na mfululizo wa matetemeko Desemba 2009 na majengo mengi yakapasuka. Lenta izunguke jengo zima bila kukatika popote, iwe na nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20, na zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mbao zinazobeba lenta juu ya mlango na madirisha zikae siku 14. Hapo mtakuwa mmesharudi Mbeya, kwa hiyo andikeni kwa jina nani atazitoa, nani atamwagilia, na fedha za paa zitalipwa kwa hatua zipi.

Upande wa mpaka: Mtanzania haombi viza kwenda kutembea Malawi, lakini ujenzi, hata wa kujitolea, si matembezi. Kanisa mwenyeji liulize ofisi ya uhamiaji kwa barua yenye majina yenu, tarehe na kazi, nanyi mbebe nakala ya barua na ya jibu. Kila mmoja awe na pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huhesabiwa kuanzia siku ya 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kama cha zamani kimeandikwa miaka kumi. Basi liwe na kadi yake halisi, barua ya kanisa inayomruhusu dereva kulivusha, na bima ya COMESA ya magari yanayovuka mipaka, ambayo huitwa Yellow Card, kama kile cheti cha chanjo. Msije mkadhani ile ya chanjo inatosha. Jazeni mafuta Kyela, maana Malawi imekuwa na uhaba wa mara kwa mara miaka ya karibuni. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, jambo linalochelewesha mikutano ya siku ya kwanza. Na kama mna vijana wa Kyela au Rungwe, waje: Kingonde cha Karonga na Kinyakyusa ni karibu lugha moja.

Katika bajeti ya safari, ni nini hasa husahaulika? – Mweka hazina, Dar es Salaam

Gharama za mwenyeji. Timu hupanga nauli, viza na fulana zake, halafu kanisa linalopokea linachinja mbuzi wa mwisho, linaazima magodoro na kujaza mafuta gari la mchungaji kwa siku kumi. Mwulizeni kwa maandishi: chakula kwa kichwa kwa siku, kuni au mkaa, maji, mafuta, mkalimani, mlinzi wa usiku. Lipeni wiki moja kabla hamjafika. Wekeni pia asilimia 10 hadi 15 ya dharura, na katika barua ya kuomba michango semeni mapema fedha zikizidi zitakwenda wapi. Matoleo ya mradi yapite kwenye akaunti ya kanisa yenye saini zaidi ya moja. Kumkabidhi mtu mmoja bahasha nono mbele ya ushirika kunamwachia maswali atakayojibu miaka mingi.

Shalom wapendwa. Sisi ni kwaya ya Wakongomani hapa Columbus, Ohio. Papa mchungaji anataka watu 11 tuende kuhubiri na kuimba Nyarugusu, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, Tanzania, tuliyotokea wengi wetu. Wengine wana green card, wengine bado. Tunapeleka na vyombo vya muziki. Tuangalie nini? – Mama wa kwaya, Ohio

Mama, anzeni na makaratasi ya Marekani kabla ya kununua tiketi. Aliyeingia kama mkimbizi na hana pasipoti ya nchi yoyote anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayoombwa kwa fomu I-131 akiwa bado ndani ya Marekani. Hati hiyo hudumu mwaka mmoja na kuipata huchukua miezi mingi. Asiondoke mtu akitarajia kutumiwa nyuma. Na asiwepo wa kusema "tukifika Kigoma tuvuke kidogo tuwaone wazee Uvira": kurudi katika nchi uliyoikimbia kunaweza kuhojiwa na kuhatarisha hadhi yako. Sheria hizi zinabadilika haraka, kwa hiyo kila mmoja aonane na mwanasheria wa uhamiaji na jalada lake mkononi, hasa asiye na green card. Ubalozi wa Tanzania uulizwe kama unaipokea hati hiyo na ni viza ya aina gani inayofaa kwa huduma ya kanisa.

Kambini hamtaingia kwa kuwa mnafahamika. Kibali hutolewa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Tanzania, kupitia idara ya wakimbizi, na ombi lipelekwe na kanisa au shirika linalofanya kazi Tanzania, likiwa na majina yote, namba za pasipoti au hati, tarehe na ratiba. Jina lisilo kwenye kibali hubaki getini. Malazi yatafuteni Kasulu mjini.

Jambo linaloleta machozi kuliko yote ni bahasha. Kila jirani Columbus atawapa dola 50 za kumpelekea shangazi. Watu 11 wakipewa na majirani kumi kila mmoja, mnabeba maelfu ya dola, mnatafutwa na watu wasiowajua, na shangazi mmoja asipopatikana mnaitwa wezi. Semeni hapana kanisani, mbele ya wote, tena mapema. Wenye ndugu watume wenyewe kwa simu. Fedha za timu zenyewe zikifika dola 10,000 zitangazwe forodhani. Noti ziwe mpya na safi, kwani iliyochanika au ya zamani hukataliwa.

Vyombo: umeme wa Tanzania ni volti 230 na soketi za pini tatu bapa kama za Uingereza. Soma maandishi nyuma ya kila kifaa. Kilichoandikwa 100–240V kinahitaji adapta ya pini tu. Kilichoandikwa 120V, kama amplifaya na vinanda vingi vya Marekani, kitaungua dakika ya kwanza. Bebeni maikrofoni na nyaya, vyombo vikubwa vikodisheni Kigoma au Kasulu. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019.

Halafu malaria. Aliyekulia Nyarugusu hudhani amezoea, lakini kinga ile hupungua mtu akikaa miaka mbali nayo, na mtoto aliyezaliwa Ohio hana kabisa. Kigoma ni moja ya mikoa yenye malaria nyingi. Dawa ya kinga ya Malarone huanzwa siku moja au mbili kabla, humezwa kila siku pamoja na chakula, na huendelea siku 7 baada ya kurudi; doxycycline huendelea wiki 4, na haipewi mjamzito wala watoto wadogo. Wengi huacha dawa wakishuka ndege, wakaugua nyumbani. Homa yoyote miezi inayofuata, nendeni hospitali siku hiyohiyo na mtaje Kigoma kabla hamjaulizwa, maana daktari wa Ohio atafikiria mafua.

Mimi ni muuguzi Nakuru. Kanisa letu linaandaa kambi ya matibabu ya siku nne Soroti, Uganda. Wanataka tubebe dawa tulizochangiwa, na vijana wasio wauguzi wapime watu presha. Ni sawa? – Msomaji, Nakuru

Leseni yako ya Kenya haikuruhusu kutibu Uganda. Mwenyeji apate kwanza barua ya ofisa wa afya wa wilaya, na kupitia kwake muombe kibali cha baraza la wauguzi la Uganda, mkiambatanisha vyeti. Mpakani Malaba, kitambulisho cha Kenya kinatosha kuvuka, pamoja na cheti cha homa ya manjano. Lakini katoni za dawa bila kibali cha mamlaka ya dawa ya Uganda, NDA, zitashikwa.

Ushauri wetu ni kuziacha dawa Nakuru na kupeleka fedha. Kampala kuna Joint Medical Store, bohari ya dawa ya makanisa, ambako kituo cha afya cha mwenyeji kinaweza kununua dawa zile zile ambazo wahudumu wake wanazifahamu na ambazo zitaendelea kupatikana. Mkilazimika kubeba, WHO inataka dawa ya msaada ibakize angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda inapofika, nayo iwe kwenye pakiti yake, si vidonge vilivyobaki vya watu. Dawa za minyoo ulizeni kwanza: Uganda hugawa kwa watoto Aprili na Oktoba, na huenda walishameza.

Vijana wanaweza kupima presha wakifundishwa vizuri: mtu akae dakika tano, ameegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, apimwe mara mbili. Shida huanza baada ya namba. Mama mwenye 180 kwa 110 akipewa vidonge vya siku 14 ataona nafuu, vitaisha, na hatakuwa na pa kwenda. Kabla ya siku ya kwanza, kubalianeni na kituo cha afya kilicho karibu kitawapokea wangapi kwa siku, na kila aliyepatikana na tatizo aondoke na karatasi yenye jina la kituo, tarehe, vipimo vyake na jina la muuguzi wa kumwona. Ikiwezekana muuguzi huyo akae mezani nanyi siku zote nne. Kituo kikisema hakiwezi kubeba mzigo huo, punguzeni watu wa kupima.

Kanisa letu la Waswahili hapa Leeds linataka kuwapeleka vijana kumi wa miaka 16 hadi 19 kwenye makao ya watoto yatima Kisumu kwa wiki mbili. Wengi wamezaliwa hapa. Mnatushauri nini? – Mlezi wa vijana, Leeds

Badilisheni mahali pa huduma. Watoto wengi wa makao wana mzazi au ndugu aliye hai, na wanachokosa ni mtu mmoja wa kudumu. Kila timu inayokuja, ikawabeba mgongoni wiki mbili na kutoweka, inawaongezea kuachwa kwingine. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na tangu 2022 ina mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia. Ombeni kanisa la Kisumu liwapange na kazi yake ya kila wiki: shule ya Jumapili walimu wakiwapo, kuzitembelea familia zinazolea watoto wa ndugu pamoja na mzee wa kanisa, au kupaka rangi madarasa. Michango mliyokusudia makao ilipe karo kupitia shule yenyewe.

Walezi wote wawe na cheti cha DBS (ukaguzi wa rekodi za jinai wa Uingereza), na mtu mzima asikae peke yake na mtoto. Namba za simu na akaunti za mitandao zisibadilishwe. Picha ya mtoto ipigwe kwa ruhusa ya mzazi, bila jina wala mahali, na isipigwe kamwe akiwa anapokea zawadi. Wenye pasipoti ya Uingereza waombe eTA, kibali cha kuingia Kenya, mtandaoni wiki mbili kabla. Wenye pasipoti ya Kenya hawaihitaji. Kila aliye chini ya miaka 18 asiyesafiri na wazazi abebe barua yao ya ridhaa, yenye saini na namba ya simu inayopatikana usiku na mchana, na nakala yake ibaki kwa kiongozi wa timu.