Maswali Yenu: Mgeni Aanzie Wapi Kuhariri Wikipedia?

SWALI: Nina wenzangu kumi na wawili wanaotaka kujifunza kuhariri Wikipedia ya Kiswahili. Kila mmoja anataka kuanza na makala mpya kabisa. Niwakubalie?

JIBU: Siku ya kwanza, hapana. Makala mpya humdai mgeni mambo mengi kwa mpigo: mada inayostahili, vyanzo huru, jamii (makundi ambamo makala hupangwa kwa mada), viungo. Ikipungukiwa inaweza kufutwa, na mtu aliyefutiwa kazi ya saa tatu ni vigumu kumrudisha. Inauma, maana huenda angekuwa mhariri mzuri.

Mpe makala fupi iliyopo tayari, zile tunazoziita mbegu, aongeze sentensi moja tu yenye chanzo. Abonyeze "Hariri", aandike sentensi kwa maneno yake mwenyewe, aweke kishale mwishoni mwake, kisha aingize tanbihi, yaani rejeo la chanzo. Akibandika anwani ya ukurasa wa chanzo, chombo cha kuhariri hujaza chenyewe jina la makala, mwandishi na tarehe. Mwambie avikague, kwani mwandishi na tarehe hukosewa mara kwa mara. Kabla ya kuhifadhi, aandike muhtasari: "nimeongeza mwaka wa kuanzishwa, pamoja na chanzo". Maneno hayo machache ndiyo yanayomwezesha mhariri mwingine kuelewa nia yake.

Anayehariri msimbo wa ukurasa, yaani maandishi yenye alama zake, afunge kila <ref> (alama inayoanzisha tanbihi) kwa </ref>. Akisahau, ujumbe wa kosa hutokea na maandishi yanayofuata yanaweza kumezwa ndani ya tanbihi.

Jambo moja huvuruga mafunzo mengi: anwani moja ya intaneti (IP, yaani namba inayotambulisha mtandao mnaotumia) huruhusiwa kufungua akaunti 6 tu kwa siku. Ninyi kumi na wawili mkitumia waifai moja, nusu yenu mtakwama. Kila mtu afungue akaunti yake mapema, kwa mtandao wake.

SWALI: Nilichoandika kimeondolewa. Nikirudishe?

JIBU: Usikirudishe kwanza. Fungua historia ya ukurasa. Kila mstari una saa, jina la mhariri, idadi ya baiti zilizoongezwa au kupunguzwa, na muhtasari. Linganisha toleo lako na lililofuata, utaona hasa kilichotolewa. Kwa kawaida hakijapotea; toleo lako bado limo humo.

Mara nyingi sababu ni maandishi yaliyonakiliwa. Wengi hudhani kutaja chanzo kunatosha, lakini hakimiliki inalinda maneno yenyewe, hata ukimtaja aliyeyaandika. Sababu nyingine ni lugha ya sifa ("kiongozi shupavu", "chuo bora"), au chanzo ambacho ni tovuti ya mhusika mwenyewe.

Ukiona umeonewa, andika kwenye ukurasa wa majadiliano ya makala hiyo, utaje chanzo chako, na utie sahihi kwa ~~~~. Mkivutana kwa kurudishiana, mkabidhi (msimamizi wa Wikipedia) anaweza kuwazuia wote wawili kuhariri, hata yule mwenye haki.

SWALI: Naweza kutafsiri makala kutoka Wikipedia ya Kiingereza?

JIBU: Ndiyo, leseni ya Wikipedia inaruhusu, mradi utaje makala ya asili kwenye muhtasari na kuiwekea kiungo. Tafsiri ya mashine usiihifadhi kabla ya kuisoma kwa sauti: upatanisho wa ngeli ndio unaoharibika kwanza. Vyanzo navyo vifungue. Usihamishe tanbihi ambayo hukuisoma.