Wastani wa Darasa Umepanda, Mbona Watoto Bado Hawajui?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa taaluma shule ya msingi huku Sengerema, darasa la sita tuna watoto 90 na ushee. Kila Ijumaa tunatoa mtihani wa wiki, tunasahihisha, tunapanga nafasi, tunabandika, wastani unaenda kwa mkuu na yeye anaupeleka kata. Muhula uliopita hisabati ilitoka wastani wa 19 ikafika 23 kati ya 50, tukapongezwa, halafu ukaja mtihani wa ujirani mwema, ule tunaofanya pamoja na shule jirani, tukarudi kulekule. Afisa elimu kata anatwambia tutumie data. Sasa data si ndo hizo tunazo kila wiki? Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwalimu. Data mnazo, tena nyingi, ila mnazitupa siku ileile mnayozipata. Mtoto kajibu maswali, kila swali limekwambia kitu, halafu mnayajumlisha yote mnabaki na namba moja, na namba za watoto 90 nazo mnazijumlisha mnabaki na moja tena, hiyo moja ndo inapanda pikipiki kwenda kata. Wastani unakwambia darasa lina homa, haukwambii ni malaria au ni taifodi. Darasa ambalo kila mtoto kapata 25 na darasa ambalo nusu wamepata 45 na nusu wamepata 5 wastani wao ni uleule 25, lakini hutaingia madarasa hayo mawili na somo moja.

Na hiyo 19 kwenda 23, mtihani wa wiki hii na wa wiki ile haulingani ugumu, labda tu maswali yalikuwa mepesi. Kama unataka kujua kweli wamepanda, kila mtihani weka maswali matano ya aina ileile, badilisha namba tu, ukilinganisha linganisha hayo.

Sasa kazi yenyewe. Chukua kaunta buku, majina yashuke pembeni, namba za maswali ziende juu, kila mtoto kila swali andika 1 akipata na 0 akikosa, na kama ni la kuchagua andika herufi aliyochagua. Najua 90 ni wengi na una vipindi vingine, basi chukua karatasi 20 tu, ila usichague za juu peke yake, changanya za juu za katikati na za chini. Halafu soma kushuka, swali kwa swali, usisome mtoto kwa mtoto. Utaona swali la 7 karibu wote wamekosa hata wale wanaoongoza siku zote, hapo ujue ama mada haijafundishwa ikaeleweka ama swali lenyewe limetungwa vibaya, na hilo si la watoto ni lenu. Swali la 12 wamekosa wa chini tu, hilo ni la kundi. Na kuna swali wamekosa wote kwa kuchagua herufi moja ileile, hapo ndo pana dhahabu, manake watoto wote hawabahatishi jibu moja la kukosea, kuna kitu wanakiamini.

Kwa mfano 52 kutoa 38. Mtoto anaandika 26. Ukiweka kosi ukapita umepoteza, angalia alivyofanya, 5 toa 3 akapata 2, halafu 2 toa 8 haiwezekani akageuza akafanya 8 toa 2 akapata 6. Huyo hajashindwa kutoa, anatoa vizuri kabisa, hajui kukopa kwenye makumi. Mwingine nusu jumlisha theluthi anakupa 2/5, kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Mwingine anakwambia 0.35 ni kubwa kuliko 0.4 kwa sababu 35 inaizidi 4. Hawa watatu wote wana sifuri kwenye daftari lako na kila mmoja anahitaji kitu tofauti, halafu sisi tunawarudishia wote mtihani mwingine Ijumaa inayofuata! Mtihani haufundishi mwalimu wangu, hata uwe wa kila siku.

NECTA, Baraza la Mitihani, wenyewe hawaishii kwenye madaraja, kila mwaka wanatoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, wanaonyesha asilimia ngapi wamechagua A, wangapi B, na waliochagua kimakosa walikuwa wanafikiria nini. Iko kwenye tovuti yao, bure. Naomba sana uifungue ile ya hisabati darasa la saba mkae nayo walimu wote siku moja, ni msaada mkubwa ambao shule nyingi haziugusi.

Kabla hujasema tatizo ni hisabati, hebu pima kusoma. Kama watoto wanapata hesabu za namba tupu na wanakosa za mafumbo, inawezekana hawajaelewa walichokisoma. Ita mtoto mmojammoja, mpe herufi, maneno, aya fupi, halafu hadithi ndogo ya kiwango cha darasa la pili, andika alipokwamia. Dakika chache tu kwa kila mmoja. Mpango unaoitwa Uwezo, wa kupima watoto kusoma na kuhesabu, umepima hivyo majumbani kwa miaka kadhaa hapa Tanzania na Kenya na Uganda, na chanzo cha mtindo huo ni shirika la Pratham kule India. Pratham hawakuishia kupima, wanawapanga watoto kwa kiwango wanachoweza bila kujali darasa, saa moja hivi kwa siku, anayekwama kwenye maneno anafundishwa maneno hata kama yuko la tano, na akivuka anahamia kundi la mbele. Zambia serikali imeuchukua mtindo huo kwa jina la Catch Up, darasa la tatu mpaka la tano. Cha muhimu makundi yasigande, pima tena kila baada ya wiki kadhaa, kundi likiganda linageuka kuwa benchi la wajinga na watoto wanajua.

Na rejesta, tafadhali. Iweke pembeni ya ile kaunta buku yako. Ukikuta waliokosa mada ya sehemu, yaani nusu, theluthi na wenzake, ni walewale ambao wiki ile hawakuwepo, msimu wa kilimo au wa dagaa, basi jibu ni kuwarudishia mada ile, si kuwalaumu.

SWALI: Mwanangu yupo la tano, ripoti inasema nafasi ya 61 kati ya 104. Baba yake amekasirika. Nimuulize nini mwalimu wake? Mama wa Tanga.

JIBU: Mama, nafasi haikwambii mtoto anajua nini, wenzake wakifanya vibaya yeye anapanda bila kujifunza chochote. Omba karatasi zake za mtihani, si ripoti. Mkae naye jioni mwambie akueleze alivyolipata jibu alilokosea, usimsahihishe kwanza, msikilize tu mpaka amalize. Kisha kwa mwalimu uliza hivi: ni mada gani mbili anazokwama, na wewe nyumbani ufanye nini. Na mwambie baba hasira asimpelekee mtoto, akitaka kusaidia amsikilize akisoma kila usiku.

SWALI: Kwenye kikao cha kamati ya shule tumebishana, majina na alama zibandikwe ukutani au la?

JIBU: Mimi nasema la. NECTA wenyewe Januari 2023 waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Mtoto wa mwisho akijisoma pale ukutani hapati hata taarifa moja ya kumsaidia. Bandikeni mada: wiki hii darasa la sita wangapi wameweza kujumlisha sehemu, wiki iliyopita walikuwa wangapi, na Jumatano nani anafundisha waliobaki, saa ngapi, chumba gani.