Mikono ya vikombe kupasuka, na wanafunzi wenye vidole vigumu

Umeuliza kwa nini vikombe vya udongo wanavyofinyanga wanafunzi wako wazee hupasuka pale mkono unapoungana na kikombe, na uwasaidieje wenye vidole vigumu.

Sababu kubwa ni tofauti ya unyevu. Mkono ukiwa bado laini ilhali kikombe kimeanza kukauka, mkono husinyaa zaidi na kujivuta mpaka kiungo kiachie. Viweke vyote chini ya mfuko mmoja wa plastiki vifikie ugumu sawa. Kisha chanja pande zote mbili kwa uma, paka uji mzito wa udongo uleule (maji matupu hayashikizi), kandamiza huku ukitikisa kidogo, ufunike tena siku mbili au tatu.

Kwa vidole vyenye maumivu, mimi ningeacha kabisa kufinya donge nianze na bamba, yaani udongo uliotandazwa bapa na kukunjwa kuwa kikombe. Mpe kila mmoja gramu 400 hivi za udongo laini, asukume kwa kifimbo kati ya vijiti viwili vya unene wa milimita 6. Asimame, nguvu itoke mabegani.

Meza zifutwe kwa kitambaa chenye maji, zisifagiliwe zikiwa kavu: vumbi la udongo lina silika (madini yaliyomo pia mchangani), nayo hudhuru mapafu.