Mbwa wako anaumwa sana: apasuliwe au apumzishwe? Mimi nimepita kote kuwili na Suzi

Juzi dada mmoja wa Nachingwea kanitumia meseji ndefu usiku, jike lake lina uvimbe, daktari kamwambia kuna mawili tu, apasuliwe au achomwe sindano apumzike, yaani afe bila maumivu, na yeye halali. Swali lake lilikuwa moja: "Dada, wewe ulijuaje?" Nimemjibu kidogo kwa simu ila naona niseme yote hapa, maana tangu nimzike mbwa wangu Suzi mwezi wa sita watu wengi wananiuliza hilo hilo, na wengine hata hawaulizi, wananihukumu tu, na wao nitawajibu humu humu.

Niseme mapema. Mimi nimefanya yote mawili, tena kwa mbwa huyo huyo mmoja. Mara ya kwanza mtaa mzima ulisema muue, nikasema pasua. Mara ya pili wakasema si upasue kama mwanzo, nikasema hapana, huyu apumzike. Watu wanaona kama najipinga mwenyewe lakini sijipingi. Kilichoamua sio mapenzi, mapenzi yalikuwa yale yale, na sio hela kwa sababu hela mara zote mbili haikuwepo. Kilichoamua ni ugonjwa. Ule wa kwanza ukiukata unatoka wote na mbwa anabaki mzima, ule wa pili ulikuwa umeshafika ambako kisu hakifiki.

Suzi alikuwa jike la kawaida, mbwa wetu hawa hawa wa kienyeji, nilimchukua kadogo kwa jamaa mmoja Naliendele, huku kwetu Mtwara. Alilinda kuku, na msimu wa korosho ukifika ndo alikuwa mlinzi hasa, maana nyie mnajua, unaokota, unaanika, unasubiri kupeleka ghalani, na katikati hapo usiku kuna watu wanazunguka na viroba. Jirani zangu waliibiwa. Kwangu hawakusogea. Kwa hiyo anaponiambia mtu "mbwa tu" huwa namuuliza wewe mwaka ule ulipoteza kilo ngapi.

Ugonjwa wa kwanza ulianza na maji. Alikuwa anakunywa mpaka anamaliza bakuli anasogea kwenye ndoo, anakojoa hovyo, tumbo linakua, watu wakasema ana mimba hongera. Bwana mifugo akaja akampiga sindano ya OTC, ile ya kuua bakteria, na dawa ya minyoo akaondoka, siku mbili kachangamka halafu akazima kabisa, akakataa hata vichwa vya dagaa, na Suzi kukataa vichwa vya dagaa ni msiba. Nikaita daktari mwenyewe wa wanyama. Yule hakukimbilia sindano. Alimfunua mdomo wa juu akabonyeza ufizi kwa kidole, akaachia, akaangalia, mara ya pili tena, akanambia angalia mama, damu inatakiwa irudi hapa ndani ya sekunde mbili na ufizi uwe wa pinki, huyu wake umepauka na inarudi kwa kusuasua. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameuliza: mara ya mwisho alikuwa kwenye joto, yaani anataka dume, lini? Wiki kadhaa nyuma. Akasema basi kizazi kimejaa usaha.

Huu ugonjwa majike wengi ambao hawajafungwa kizazi wanaupata wakishakomaa, na huja wiki chache baada ya joto, homoni zinakifanya kizazi kiwe mahali pazuri pa bakteria kuzaliana. Wengine usaha unatoka nje unauona. Wengine mlango wa kizazi umefunga, usaha hautoki, unajaa ndani kimya kimya mpaka sumu inaingia kwenye damu au kizazi kinapasuka. Suzi ndo alikuwa wa hao wa mlango kufunga. Sindano peke yake kwa kawaida haiponyi, kinachoponya ni kukitoa kizazi chote, na wakiwahiwa walio wengi wanapona kabisa. Nikamuuliza akipona atakuwaje? Akanijibu atakuwa mbwa mzima asiyezaa. Mimi hapo nilishaamua, hata bei sijauliza.

Sasa bei. Ilikuwa mwezi wa tisa jamani, minada ya korosho haijafunguliwa, nani ana hela Mtwara mwezi wa tisa? Salfa yenyewe tunadaiwa. Nikauza mbuzi. Ndiyo, niliuza mbuzi nikamtibu mbwa, na maneno niliyoyapata kwa hilo mpaka leo yananichoma. Shemeji yangu alisimama uani kwangu akasema mbele ya wanangu, "Shemeji, unachinja kinacholiwa kumponya kisicholiwa." Watu wakacheka, na ule usemi ukazunguka mtaani mpaka sokoni nilikuwa nasalimiwa nao. Sikumjibu siku ile. Namjibu leo: korosho tulizolindiwa misimu iliyofuata zimenunua mbuzi wengine na chenji ikabaki, na mtoto wa mtu hakukosa ada kwa sababu ya Suzi.

Operesheni ilifanyika juu ya meza, dripu imening'inizwa kwenye msumari wa dirisha, nami niliruhusiwa kusimama mlangoni. Kilichotoka sitakisahau. Daktari aliniambia kizazi cha mbwa mzima ni chembamba kuliko kidole, cha Suzi kilitoka kama ndizi mkono wa tembo mbili zimeungana kwenye kikonyo, kizito, kinang'aa, akakilaza kwenye beseni taratibu kwa mikono miwili kama anaogopa kukiamsha. Kingepasukia ndani ilikuwa imekwisha. Wiki za kidonda sizielezi, ila mvalishe fulana ya zamani ya mtoto, ifunge fundo mgongoni, asilambe nyuzi. Mimi hiyo fulana ndo iliniokoa.

Akaishi miaka mizuri sana baada ya pale. Naweka hili kwa herufi kubwa kwenye vichwa vya wale wanaosema kupasua mbwa ni kupoteza hela: MIAKA.

Halafu mwaka jana nikagusa kitu kigumu kwenye chuchu za nyuma nikiwa namtoa kupe. Na chuchu za nyuma ndo huwa zinashikwa zaidi. Niseme hapa maana watu wananiuliza si alishatolewa kizazi: kutoa kizazi kunamkinga jike na saratani ya matiti kama kumefanyika mapema, kabla ya joto la kwanza hatari inashuka mpaka chini ya asilimia 1 ukilinganisha na jike asiyefungwa, ila akishapita joto nyingi kinga hiyo haipo tena. Na si kila uvimbe wa titi ni mbaya, kwa mbwa kama nusu hivi huwa sio saratani. Kwa hiyo uvimbe mdogo ukiuona nenda upesi, ukitolewa mapema mbwa anaweza kuishi vizuri tu. Wa Suzi haukusubiri mtu. Uliota kwa kasi, ukapasuka, na akaanza kikohozi kikavu usiku.

Yule yule daktari aliyempasua mara ya kwanza ndo akanambia safari hii sishiki kisu mpaka nione kifua, nenda kapige eksirei ya mapafu. Tukaenda Dar. Wenye mabasi hawakutaka mbwa, tukapanda nyuma ya gari la jamaa yetu anayepeleka nazi, zaidi ya kilomita 500, tunavuka daraja la Mkapa pale Rufiji Suzi kalaza kichwa kwenye mguu wangu anahema kwa mdomo. Kwenye picha nilioneshwa mapafu yenye vidoa vyeupe vya mviringo vimesambaa kote, saratani imeshafika huko. Hata mimi nisiye daktari niliviona.

Nikauliza swali lile lile la mwanzo: mkipasua, akipona kidonda, atakuwaje? Daktari wa kule akasema titi litatoka, kidonda kitafunga, ila kifuani sitagusa kitu, na kule ndo kunamuua. Basi. Jibu lilikuwa hilo. Kama mara ya kwanza jibu lilivyokuwa mbwa mzima, safari hii jibu lilikuwa maumivu ya kushonwa kwa mbwa ambaye hata hivyo atakosa pumzi. Mimi simpasui mbwa ili mimi nijisikie nimejitahidi.

Kwa hiyo dada yangu, na wote mnaoniuliza, hilo ndo swali. Usiulize "anaweza kupasuliwa?" Kupasuliwa anaweza kila mbwa. Uliza akishapona kidonda anarudi kuwa mbwa wa aina gani na kwa muda gani. Uliza kama umeenea, na kama hawajaangalia kifua waambie waangalie kwanza. Uliza jina la ugonjwa kabla ya bei. Nawaambia hivyo kwa sababu kuna uvimbe hata kisu hauhitaji, ule unaoota sehemu za siri wanaoambukizana wakipandana, unatoa damu matone matone, watu wanawaua mbwa kwa ule wakati sindano za vinkristini, dawa ya saratani, mara moja kwa wiki, wiki kadhaa, zinawaponya walio wengi. Nimeona jirani anamuua dume lake kwa uvimbe huo. Hakuuliza jina.

Hatukumpumzisha siku hiyo hiyo. Daktari alinipa kipimo cha daktari wa Marekani, Alice Villalobos, alichokitoa mwaka 2004, unampa mbwa alama 0 mpaka 10 kwenye mambo saba: maumivu pamoja na kupumua, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri bado ni nyingi kuliko mbaya. Ikizidi 35 bado ana maisha ya kuishi. Mimi nilikifanya kirahisi zaidi, nikachukua kalenda ya ukutani, siku nzuri duara, siku mbaya mkasi, yaani alama ya X. Binti yangu ndo alikuwa anachora. Unaweza kujidanganya kwa maneno lakini kalenda hutaidanganya, mikasi ilipoanza kufuatana nilipiga simu.

Na siku yenyewe nawaeleza ilivyo maana hakuna aliyenieleza mimi. Kwanza anachomwa dawa ya kumtuliza, analegea, anasinzia. Kisha sindano ya pili inaingia kwenye mshipa wa mguu wa mbele, ni dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, anapoteza fahamu kwa sekunde chache, pumzi inasimama, halafu moyo. Macho yanabaki wazi. Baada ya muda anaweza kuvuta pumzi moja kubwa au msuli ukacheza, usipige kelele ukidhani yuko hai anateseka, hayupo. Anaweza kukojoa, tandika kitambaa. Kaa naye. Mimi nilimshika kichwa na wanangu niliwaambia ukweli, Suzi amekufa, sikuwaambia kasafiri.

Na kufukia, fukia chini kweli kweli, mita moja au zaidi. Ile dawa inabaki mwilini, kunguru au mbwa wa jirani akifukua akala naye anakufa.

Sasa nyie mnaosema "alimhangaikia mwanzo, safari hii kachoka kamuua." Mlikuwa wapi usiku anakohoa? Mliosema mwanzo muue ndo nyie nyie mliosema mwisho usimuue, na hakuna hata mmoja aliyekuja kumshika mguu wakati wa dripu. Na kuna ambao najua mnafanya nini mbwa wakiugua, mnawafunga kwenye kiroba mnawatupa njia ya porini, mnawawekea sumu kwenye nyama, mnamwita kijana na rungu mnampa elfu tano. Mnajua mbwa anajua sauti yako? Anakuja na mkia kwa sababu umemwita wewe. Muogopeni Mungu. Sisi watu wa pwani tunasema mbwa najisi, sawa, udhu wangu naujua na bakuli lake lilikuwa nje, lakini madrasa tulifundishwa wote yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Mbona hilo hamlikumbuki?

Na wale wa huruma ya kijinga, samahani lakini nasema, msimpe mbwa diklofenaki wala ibuprofeni ya binadamu mkidhani mnampunguzia maumivu. Zinamchoma tumbo na kuua figo. Mwambie daktari mbwa ana maumivu, akupe ya kwake. Na kama hela huna, mwambie hivyo hivyo huna, mimi wangu alikubali nilipe nusu na nusu nyingine korosho zikilipwa. Wengi wanaogopa kusema, wanarudi nyumbani kukaa na mnyama anaoza, wiki zinapita, hawajaamua, na yeye ndo analipa kwa mwili wake.

Nina kajike kengine sasa, kamekuja wiki iliyopita kutoka Mikindani, hakajafika miezi minne. Kanafungwa kizazi kabla ya joto la kwanza, nimeshaongea na daktari, na hela yake nimeitenga kabla ya ya salfa. Shemeji akitaka kusema aseme.