Nafasi ya usimamizi imetangazwa kazini: piga hesabu kabla hujaandika barua

Tangazo likishabandikwa ubaoni, maneno huanza kwenye meza za kukatia minofu kabla ya chai ya saa nne: nani ataomba, nani kishaandaliwa, nani hafai. Viwanda vya samaki vya Mwanza vina watu wengi walioanzia kwenye beseni za barafu wakafika kusimamia zamu nzima, na vina wengine waliopanda wakaomba kurudishwa mezani. Makala hii ni ya mtu aliyesimama mbele ya tangazo hilo, amebakiwa na siku kumi, na hajui aombe au aache. Mifano ni ya kiwandani, lakini hesabu ni ileile kwa karani wa Nyakato au fundi wa karakana ya Igogo.

Anza na kazi yenyewe. Mkata minofu hodari anapimwa kwa mkono wake. Supavaiza anapimwa kwa mikono ya watu thelathini: nani hakuja leo, barafu imefika, visu vimenolewa, kilo 100 za sangara zimetoa kilo ngapi za minofu, fomu za joto zimejazwa kwa wakati. Kukata kwenyewe hutakata tena. Kama raha yako yote kazini ni kuona beseni lako limejaa kabla ya la jirani, fikiri sana, maana raha hiyo inaisha siku unayopewa koti la rangi nyingine.

Usimuulize aliyepo kwenye nafasi hiyo "kazi ikoje", kwa sababu atakujibu kwa neno moja. Omba ruhusa umfuate zamu moja nzima, au kama haiwezekani, mwangalie kwa wiki moja na uandike kila saa alikuwa anafanya nini. Mwisho wa wiki gawanya: saa za watu, saa za karatasi, saa za mashine, saa za kusubiri simu za wakubwa. Karatasi hiyo itakwambia mengi kuliko tangazo.

Tazama hasa anasaini nini. Minofu mibichi inatakiwa kukaa kwenye joto la barafu inayoyeyuka, yaani karibu na nyuzi 0, na iliyogandishwa isipande juu ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Mwaka 1999 samaki wa Ziwa Victoria walifungiwa soko la Ulaya kwa hofu ya sumu za kuulia wadudu, na athari zake zilifika hadi kwa wavuvi na wabeba barafu. Ndiyo maana fomu za joto na usafi zinalindwa kama hati ya nyumba. Mzigo ukikataliwa, anayeitwa kwanza ni mwenye saini. Basi jiulize kama utakuwa na mamlaka ya kusimamisha laini barafu ikipungua, au utasaini tu huku mwingine ndiye anayeamua. Saini isiyo na mamlaka ni sababu ya kutosha ya kuacha nafasi ipite.

Ulizia pia nafasi imebaki wazi kwa nini. Aliyetoka akiwa amepanda juu zaidi ni habari njema. Wakiwa wametoka watatu ndani ya miaka miwili, tatizo liko kwenye kiti, na wewe hutalitibu kwa bidii.

Sasa pesa, ambapo wengi hukosea kwa sababu wanalinganisha mshahara mpya na mshahara wa msingi wa zamani. Toa hati zako za mshahara za miezi 12. Mwezi mmoja hautoshi, kwa kuwa ovataimu ya kiwandani inafuata samaki: sangara wakiwa wengi unalala kazini, wakiadimika unabaki na msingi mtupu. Jumlisha ovataimu yote, gawa kwa 12.

Tuseme msingi wako ni sh 800,000. Kupata thamani ya saa moja, gawa kwa 195, yaani saa 45 za wiki mara wiki 4.333 za mwezi. Inakuja kama sh 4,103. Saa ya ovataimu hulipwa mara moja na nusu, kama sh 6,154. Ukifanya saa 29 kwa mwezi unakaribia sh 180,000, na jumla yako ni 980,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanachukua asilimia 10, sh 98,000, inabaki 882,000 ya kutozwa kodi. Kwa kiwango hicho PAYE, kodi ya mshahara, ni sh 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, yaani sh 98,500. Kama una deni la masomo la Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya msingi ni sh 120,000. Unapokea mkononi 663,500.

Nafasi mpya inatangazwa kwa sh 1,150,000, bila ovataimu. Machoni umepanda kwa 350,000. NSSF sasa ni 115,000, inabaki 1,035,000. Umevuka milioni, kwa hiyo PAYE ni sh 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi 1,000,000: sh 138,500. Bodi ya Mikopo nayo inafuata msingi mpya, sh 172,500. Mkononi zinabaki 724,000.

Tofauti ni sh 60,500. Asiye na deni la Bodi anapata nyongeza ya sh 113,000, kwa sababu anatoka 783,500 kwenda 896,500. Na kama zamu mpya inaisha saa nane usiku, daladala hakuna, ukakodi bodaboda ya sh 3,000 kwa siku 22, hiyo ni sh 66,000. Kwa mwenye deni la Bodi, nyongeza yote imeishia njiani kwenda Buswelu.

Haina maana kwamba ukatae. Mchango wa NSSF, wako na wa mwajiri kwa pamoja, unapanda kutoka 196,000 hadi 230,000 kwa mwezi, deni la Bodi linaisha mapema, na mshahara wa uhakika una thamani yake miezi ya samaki kuadimika. Lakini ujue unanunua nini. Mtumishi wa umma aliye kwenye mfuko wa PSSSF abadilishe mstari wa NSSF, kisha arudie hesabu ya kodi: yeye anakatwa asilimia 5, mwajiri anaweka 15.

Kwenye ovataimu kuna jambo la sheria ambalo wachache hulisoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 kwa wiki na saa 50 za ziada katika wiki nne, malipo mara mbili kwa kazi ya siku ya mapumziko au sikukuu, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kinga hizo, kwa kifungu cha 17, hazimhusu anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri huku akiripoti moja kwa moja kwa mfanyakazi wa uongozi wa juu. Masharti yote mawili lazima yatimie. Supavaiza anayeripoti kwa meneja wa uzalishaji asiyetunga sera za kampuni anaweza kuwa bado na haki ya ovataimu, hata kama cheo chake kinasikika kikubwa. Kwa hiyo swali la "nitaripoti kwa nani?" lina pesa ndani yake. Uliza ofisi ya rasilimali watu na uombe jibu kwa maandishi.

Halafu mkataba. Sheria hiyohiyo inaruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na kada ya uongozi. Mtu anaweza kuingia kwenye usimamizi akiwa na ajira isiyo na kikomo, akatoka na mkataba wa miaka miwili bila kugundua, kwa sababu macho yalikuwa kwenye mshahara. Soma mstari wa muda wa ajira kabla ya mstari wa pesa. Kama umefanya kazi miaka sita, barua iseme utumishi wako unaendelea kuhesabiwa. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10; hesabu ikianzishwa upya, miaka sita yako imeyeyuka kama barafu ya mwaloni.

Kubwa kuliko yote ni kipindi cha matazamio. Wengi hupewa miezi mitatu au sita kwenye cheo kipya, na barua haisemi nini kitatokea wasipothibitishwa. Omba sentensi moja iongezwe: usipothibitishwa, utarudi kwenye nafasi yako ya awali kwa mshahara wa awali. Mwajiri mwenye nia njema haoni shida kuiandika. Akikataa, amekueleza jambo la maana bila kujua. Na katika miezi hiyo usiende benki kuongeza mkopo juu ya mshahara mpya. Marejesho yaliyopimwa kwa milioni moja na ushee ukayalipa kwa laki nane ni kujipalia makaa.

Kukaimu nako kunahitaji karatasi. "Shika shika kwanza tutaona" ni maneno yanayoweza kudumu mwaka mzima. Barua ya kukaimu iwe na tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha na kiasi cha posho. Ukivipata hivyo vitatu, kukaimu ni njia bora kuliko zote ya kuijaribu kazi kabla ya kuiomba.

Nyumbani mzungumze kabla, siyo baada. Nafasi ikiwa Sengerema au Geita, daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko, na watu wanaweza kufikiria kwenda na kurudi ambako zamani wangehama. Ukerewe ni habari nyingine: ratiba ya meli ya Nansio ndiyo itakayopanga wiki yako. Andikeni nani atamwamsha mtoto, nani atampeleka shule, nani atabaki na mgonjwa. Mwenza akisema "tutaona", bado hamjaongea.

Linalochosha kuliko karatasi ni kuwasimamia watu uliokuwa unakula nao. Kwenye laini kuna mama wa miaka hamsini anayejua samaki kuliko wewe, na kesho utamwambia arudie beseni lake. Anza na shikamoo, au mwangaluka, salamu yako ya Kisukuma ya kila asubuhi, kisha agizo. Cheo hakifuti umri, na kijana anayeanza na amri hupoteza laini nzima ndani ya wiki. Kama wewe ni mweka hazina wa kikoba cha kazini, kabidhi daftari na sanduku mbele ya wanachama kabla ya siku ya kwanza ya cheo. Uliowakopesha wakulipe, wanaokudai walipe. Bosi anayemdai mtu sh 40,000 hawezi kumwandikia onyo likaaminika, na bosi anayedaiwa hawezi kuliandika kabisa.

Ukiona bado unaitaka, soma sifa kwa makini. Leseni au cheti kilichoandikwa "lazima" na huna, usipoteze karatasi. Tumia mwaka huu kukipata. Uzoefu ukipungua kwa mwaka mmoja na wewe ni wa ndani, muulize afisa utumishi kama wanapokea. "Itakuwa sifa ya ziada" isikuzuie, kwani wengi hujiondoa wenyewe kwa maneno hayo. Lakini kama sababu pekee ya kuomba ni kumkimbia msimamizi wa sasa, usiombe. Utazidi kukutana naye, tena kwenye vikao.

Barua iwe ukurasa mmoja. Aya ya kwanza nafasi na kumbukumbu ya tangazo. Ya pili mambo mawili uliyoyafanya, yenye namba zako halisi: meza yenye watu wangapi, takataka zilipungua kutoka kilo ngapi hadi ngapi, kwa miezi mingapi. Ya tatu, utakachofanya siku 30 za mwanzo, kutokana na ile karatasi ya saa. Usiandike "mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma". Kila barua ina maneno hayo. Mwambie mkuu wako wa sasa kabla hujawasilisha, uso kwa uso, maana ndiye atakayeulizwa habari zako, na akizisikia kwa wengine atajibu kwa hasira.

Kwa nafasi za serikali kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, mengi hukwama kwenye viambatisho: hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazipokelewi badala ya vyeti, na majina yasiyolingana kwenye vyeti yanahitaji kiapo. Aliyeko tayari kwenye utumishi asome kwanza Waraka wa Serikali wa tarehe 30 Novemba 2010, unaowazuia watumishi kuomba nafasi za kuingilia, yaani za ngazi ya kuanzia, na apitishe barua yake kwa mwajiri.

Kuomba hakukulazimishi kukubali. Ukipewa, omba siku mbili za kusoma barua, kaa na kalkuleta, rudia hesabu kwa tarakimu halisi. Usipopewa, ndani ya wiki moja muulize mwenyekiti wa usaili maswali mawili: ni kipi kilikosekana kwenye barua yangu, na ni kipi kwenye majibu yangu. Andika atakachosema nyuma ya ile karatasi ya saa, uihifadhi pamoja na hati za mshahara.